Laptopu ya mtumba, Secure Boot na tarakimu 48: fanya hivi kabla hujazima chochote

Mwalimu alinikuta ndiyo kwanza nafungua banda.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Mashine yangu imeniambia imestaafu. Mimi nilistaafishwa kwa barua, yenyewe imestaafishwa kwa kidirisha."

Alifundisha Kiswahili sekondari kwa miaka mingi, sasa anakaa Magomeni na wajukuu. Laptopu aliletewa na mwanawe anayefanya kazi Muscat: Intel ya kizazi cha 7, RAM GB 8, SSD GB 256, nzima kabisa isipokuwa kitufe cha N kilichochubuka. Windows 11 haiitaki prosesa hiyo, na Windows 10 iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Mjukuu alimwambia kuna kitu kinaitwa Linux. Nikamvutia kiti, nikamwambia nusu saa tu.

Nikafanya tunavyofanya mafundi wengi kwa mazoea. Nikawasha, nikagonga F2 niingie BIOS, ile menyu ya mashine inayotangulia Windows, nikatafuta Secure Boot, yaani ukaguzi wa programu ya kuwashia, nikaizima. Nikachomeka flashi, Ubuntu (aina mojawapo ya Linux) ikawaka, mwalimu akaichezea kidogo, akaipenda. Nikachomoa flashi nirudi Windows nimhamishie mafaili yake. Skrini ya bluu: weka tarakimu 48 za kufungulia diski.

"Nimeifunga lini?" akauliza.

Hakuifunga yeye. Ilijifunga yenyewe siku mwanawe alipoingiza akaunti yake ya Microsoft kule Muscat. Chipu ya TPM ndiyo iliyoshika ufunguo, na iliagizwa isiutoe mpaka mashine iwake kama ilivyowaka siku ile. Mimi nilikuwa nimebadilisha namna inavyowaka, kwa hiyo kwake yeye mimi nilikuwa mwizi. Mpaka hapo hapakuwa na hasara yoyote. Ningerudi BIOS, nikaiwasha tena Secure Boot ilivyokuwa, kwa kawaida ingefunguka bila maneno. Kiherehere kikaniponza. Niliona kwenye menyu neno TPM, na pembeni yake Clear, nikadhani ndiyo dawa. Nikabonyeza. Chipu ikafuta ufunguo wake, na kuanzia dakika hiyo njia ikabaki moja tu: zile tarakimu 48.

Ndani ya diski mlikuwa na maandalio ya masomo ya miaka 20 na muswada wa mashairi ambao hana nakala yake popote.

Mwalimu hakufoka. Aliuliza swali moja: "Sasa hii mashine inamtii nani?" Mwongozo huu ni jibu la swali hilo, kwa mpangilio ambao nautumia bandani tangu siku ile.

Tarakimu kwanza, BIOS baadaye

Ukiwa bado ndani ya Windows, kabla hujagusa kitu chochote, andika cmd kwenye kisanduku cha kutafutia, bonyeza kitufe cha kulia, chagua Run as administrator, kisha:

manage-bde -status

Ukisoma Protection On kwenye C:, diski imefungwa, hata kama mwenyewe anaapa hajawahi kuifunga. Zitoe tarakimu hivi:

manage-bde -protectors -get C:

Zitakuja katika makundi 8 yenye tarakimu 6 kila moja. Andika kwa kalamu kwenye karatasi. Usipige picha ukaiacha ndani ya laptopu hiyohiyo. Nimeshaletewa mtu aliyefanya hivyo. Kama Windows tayari imegoma kufunguka, mwenye akaunti aingie account.microsoft.com/devices/recoverykey kwa simu, tarakimu mara nyingi zipo huko. Tatizo ni kumjua mwenye akaunti. Kwa laptopu ya zawadi au ya mtumba, mwenye akaunti na mwenye mashine wanaweza kuwa watu wawili wasiofahamiana.

Kuna jambo dogo litakalokusaidia mkisomeana tarakimu kwenye simu yenye mikwaruzo: kila kundi la tarakimu 6 hugawanyika kwa 11 bila kubakiza. Ukipata baki, mmoja wenu amekosea kwenye kundi hilo. Sisi tulimpata kijana wa Muscat baada ya zamu yake, saa mbili usiku kwa saa za huku. Kundi la tano lilikataa mara mbili. Mwalimu akaomba kalamu, akagawanya kwa mkono, akasema "imebaki moja, mwambie arudie." Alikuwa amesoma 7 mahali palipo na 6.

Ukishapata tarakimu, simamisha ulinzi kwa muda:

manage-bde -protectors -disable C: -RebootCount 0

Hiyo 0 maana yake ulinzi usirudi mpaka uurudishe mwenyewe kwa -enable. Sasa unaweza kuingia BIOS bila moyo kudunda. Na ile Clear ya TPM iache, hata ikikukonyeza.

Nyumba ina wenyewe

Mwalimu nilimweleza kwa nyumba ya kupanga. Kuna mwenye nyumba: huyo ni ufunguo uitwao PK, na kwenye laptopu nyingi ni wa kampuni iliyoiunda. Kuna msimamizi anayetumwa na mwenye nyumba: KEK, na hapo utaikuta Microsoft. Kuna daftari la wanaoruhusiwa kuingia, db. Na kuna orodha ya waliopigwa marufuku, dbx. Kila unapowasha, programu ya kuwashia huonesha saini yake mlangoni. Ikiwa saini imo kwenye daftari na haimo kwenye orodha ya marufuku, inapita. Hiyo ndiyo Secure Boot nzima.

TPM ni kitu kingine. Yenyewe haizuii mlango. Ni karani aliyekaa pembeni, anayeandika nani kapita na kwa mpangilio gani, na ana sanduku la siri analolifungua pale tu daftari lake linapofanana na la jana. Watu wengi wanavichanganya viwili hivi. Mimi mwenyewe nilivichanganya, na mwalimu ndiye aliyelipa.

Mpangaji wewe, jina lako haliko popote kwenye orodha hizo nne.

Hapo ndipo ugomvi wa siku nyingi ulipoanzia. Mwaka 1999 Compaq, HP, IBM, Intel na Microsoft waliunda umoja uitwao TCPA ili kuwe na kompyuta za "kuaminika". Mwaka 2003 ukarithiwa na TCG, ambao ndio wenye kanuni za TPM mpaka leo. Mwaka 2002 Microsoft ikatangaza Palladium, mpango wake wa kuliingiza jambo hilo ndani ya Windows. Ross Anderson, mtaalamu wa usalama wa kompyuta wa Cambridge, akaandika maswali na majibu marefu kuuchambua, na Richard Stallman, mwanzilishi wa harakati za programu huru, akaziita kompyuta hizo za kisaliti. Hofu yao ilikuwa kwamba filamu, wimbo au hata barua ingekuja siku ikaamua yenyewe ifunguke kwenye mashine ya nani, na mwenye mashine asiwe na la kusema. Palladium kama ilivyochorwa haikufika sokoni. Chipu ilifika.

Nilipomwambia mwalimu jina la Kiswahili la jambo hili, kompyuta inayoaminika, alitikisa kichwa. "Aminika ni kauli ya kutendeka, mwanangu. Mtendaji haonekani. Mlango umefungika, nani kaufunga? Huambiwi. Sema inayoaminiwa, hapo sarufi yenyewe itakulazimisha useme na nani." Nimesoma makala nyingi za jambo hili, sijakuta iliyoliweka vizuri namna hiyo.

Basi kila unaposhika laptopu, uliza kwa kauli ya kutendwa: inaaminiwa na nani? Linux itakujibu kwa amri moja:

mokutil --pk

Tazama mstari wa Issuer. Jina la kampuni iliyoiunda laptopu ni jambo la kawaida. Ukikuta maneno DO NOT TRUST, usicheke. Ni ufunguo wa majaribio ambao ulitakiwa ubadilishwe kabla mashine haijatoka kiwandani. Mwaka 2024 watafiti wa usalama wa kompyuta wa Binarly walionesha kwamba mashine za kampuni nyingi ziliuzwa na ufunguo huo huo, na siri yake ilishavuja. Mashine ya namna hiyo iangalie kama ina toleo jipya la BIOS kabla hujaendelea na mengine.

Dukani, pesa ikiwa bado mfukoni

Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, Microsoft iliwataka waundaji wa mashine za Intel na AMD wamwachie mwenye mashine uwezo wa kuizima Secure Boot na kuweka funguo zake. Kwa mashine za ARM za wakati huo ikakataza jambo hilohilo. Ilipofika Windows 10, kuzima kukawa hiari ya muundaji. Kwa hiyo usikubali kuambiwa "zote ni sawa tu kaka." Hazifanani. Mwambie muuzaji aiwashe, uingie BIOS mwenyewe. Dell ni F2, HP ni F10, ThinkPad ni F1.

Ikikuomba nywila hapo, rudisha. Sitaki kusikia habari ya kuchomoa betri ya saa. Kwenye ThinkPad hakusaidii, nywila haikai huko. Nywila ya BIOS maana yake mwenye nyumba bado yupo na kitasa ni chake.

Ukiingia, tazama vitu vitatu. Secure Boot inazimika? Jaribu, kisha irudishe palepale. Kuna sehemu ya funguo, kama Expert Key Management au Reset to Setup Mode? Ikiwepo, siku ukitaka unaweza kuwa mwenye nyumba. Na je, kuna Absolute au Computrace iliyowashwa? Hiyo ni programu ya kufuatilia mashine iliyoibwa, imekaa ndani ya BIOS, haifutiki kwa kubadilisha diski. Kazi yake ni halali, lakini mwaka 2018 wataalamu wa usalama wa kompyuta wa ESET walifichua virusi viitwavyo LoJax vilivyojengwa juu ya programu hiyohiyo. Ukikuta Activated, mwambie muuzaji akuoneshe mashine nyingine.

Kisha fanya jaribio ambalo wauzaji hawalipendi: rudisha Windows mwanzo kabisa, uiunganishe na intaneti ya simu yako palepale kaunta. Niliwahi kununua laptopu 6 kwa mpigo, safi, bei nzuri. Mbili kati yake nilipoziunganisha na WiFi ya nyumbani zilinikaribisha kwa jina la kampuni ya Ulaya, zikataka barua pepe ya mfanyakazi. Bado zilikuwa kwenye daftari la ofisi hiyo. Kufomati hakuondoi kitu, kwa sababu usajili haupo kwenye diski, upo kwenye seva za mbali zinazoitambua mashine kwa vifaa vyake. Linux inapita bila kujali, lakini ukimuuzia mtu mwenye Windows atakurudia kesho yake. Dawa ni muuzaji awasiliane na waliomuuzia, waifute kwao. Chromebook za shule ni hivyohivyo, na zaidi: ikiwa bado imesajiliwa na shule, hata hali ya msanidi (developer mode), inayokuruhusu kuweka mfumo mwingine, unaweza kunyimwa.

Kwa wanaonunua prosesa zilizotumika: kuna za AMD zilizotoka kwenye seva na kompyuta za mezani ambazo zimeunguziwa ndani yake alama ya muundaji wa kwanza. Ukiipachika kwenye mazabodi ya kampuni nyingine haiwaki. Haikufa, imefungwa, na hakuna wa kuifungua.

Kuweka Linux bila kuzima Secure Boot

Watu wengi hawajui kwamba hii inawezekana. Ubuntu, Debian tangu toleo la 10, Fedora na openSUSE zote zinawaka Secure Boot ikiwa imewashwa. Zinapita kwa programu ndogo iitwayo shim, yaani kabari. Microsoft huitia saini kabari, kabari hubeba ufunguo wa Ubuntu au Fedora, na huo ndio unaothibitisha kerneli, yaani kiini cha Linux. Ndiyo, Linux yako inaingia kwa kibali cha Microsoft. Linauma, lakini ndiyo hali ilivyo.

Andika flashi kama kawaida, washa laptopu ukigonga F12 kwa Dell na ThinkPad au F9 kwa HP, chagua flashi. Ikikataa kwenye laptopu mpya za biashara, ingia BIOS utafute Allow Microsoft 3rd Party UEFI CA. Baadhi ya mashine za kuanzia 2022 hutoka kiwandani ikiwa imezimwa. Iwashe hiyo tu, Secure Boot iache.

Mafundi wenzangu wapenzi wa Ventoy, ile programu ya kubeba mifumo mingi kwenye flashi moja, nanyi nina neno. Ventoy kwenye mashine yenye Secure Boot itakutolea skrini ya bluu na kukuomba usajili ufunguo wake. Ukikubali, ufunguo unabaki kwenye laptopu ya mteja hata baada ya wewe kuondoka na flashi yako, na mtu yeyote mwenye flashi ya Ventoy anapita mlango huohuo. Umechongesha ufunguo wa nyumba ya watu ukauacha kwenye genge la nyanya. Kwa mashine ya mteja, andika flashi ya mfumo mmoja, basi.

Ukishamaliza kuweka, hakikisha:

mokutil --sb-state

Jibu liwe SecureBoot enabled.

Kinachosumbua ni draiva zinazojengwa kwenye mashine yako mwenyewe, kama za NVIDIA au VirtualBox. Hazina saini ya Ubuntu, kwa hiyo kerneli inazikataa kimyakimya: skrini inabaki na picha kubwa mbayambaya, na kijana anayehariri video za harusi anakuja kukuambia kadi imeungua. Haijaungua. Inahitaji ufunguo uitwao MOK, na huu, kwa mara ya kwanza, ni wako. Kwenye Ubuntu:

sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der

Itakuomba nywila ya mara moja. Tumia herufi na namba za kawaida tu, kwa sababu utakapoirudia, kibodi itakuwa ya mpangilio wa Marekani na alama zitakuwa zimehama. Zima na uwashe. Skrini ya bluu itakuja na kuhesabu sekunde 10. Bonyeza kitufe chochote kabla hazijaisha, maana zikiisha inakupita na itabidi uanze upya. Chagua Enroll MOK, Continue, Yes, weka nywila, Reboot. Mteja akiwepo, mwambie abonyeze mwenyewe. Skrini hiyo imewekwa makusudi ili aliye mbali, au virusi vilivyo ndani, visiweze kujikubalia. Lazima awepo mtu na vidole vyake. Kwenye mfumo mzima sijaona mahali pengine panapomheshimu aliyekaa mbele ya mashine kiasi hicho.

Wenye Windows na Linux kwenye laptopu moja, mnapaswa kujua yaliyotokea Agosti 2024. Sasisho la Windows liliongeza orodha ya kabari zisizofaa tena, na watu wengi wakawasha asubuhi wakakuta Verifying shim SBAT data failed, Linux haiingii. Sababu yenyewe ilikuwa ya kweli, kabari za zamani zilikuwa na tundu. Ila aliyeamua lini lizibwe hakuwa mwenye mashine. Likikukuta, zima Secure Boot (tarakimu 48 unazo, sivyo?), ingia Linux, andika:

sudo mokutil --set-sbat-policy delete

Washa upya mara moja uingie Linux tena, sasisha mfumo wote upate kabari mpya, ndipo uiwashe Secure Boot.

Na vyeti vya Microsoft vya mwaka 2011, ambavyo ndivyo vilivyojaa kwenye laptopu za mtumba, muda wake unaishia mwaka 2026: viwili Juni, kimoja Oktoba. Kuna wauzaji wameshaanza kutishia watu kwamba mashine hazitawaka. Zitawaka, BIOS kwa kawaida haitazami kalenda inapokagua saini. Utakachokosa ni vitu vipya vitakavyotiwa saini kwa vyeti vya 2023 peke yake. Kwa hiyo sasisha BIOS sasa:

sudo fwupdmgr refresh
sudo fwupdmgr update

Chaja iwe imechomekwa. Umeme wa kwetu unaujua.

Kuwa mwenye nyumba mwenyewe

Wengi hawahitaji hatua hii, na simshauri mtu aifanyie laptopu ya kazini au mashine pekee aliyonayo. Lakini swali la mwalimu linajibiwa hapa.

Ingia BIOS, weka nywila ya msimamizi kwanza. Bila hiyo kila aingiaye anaweza kuzima unachokijenga. Chagua Reset to Setup Mode. PK inafutwa, nyumba inabaki haina mwenyewe. Ndani ya Linux yenye sbctl, programu ya kutengeneza na kusajili funguo zako:

sbctl status
sudo sbctl create-keys
sudo sbctl enroll-keys -m
sudo sbctl sign -s /boot/vmlinuz-linux
sudo sbctl verify

Njia ya kerneli inatofautiana kati ya mifumo. Verify itakuonesha faili ambalo halijatiwa saini. Usiwashe Secure Boot mpaka orodha iwe safi.

Hiyo -m inabakiza vyeti vya Microsoft kwenye daftari, na wapenda uhuru hutamani kuiacha. Usiiache bila kujua unachofanya. Kadi za michoro na baadhi ya vifaa hubeba programu yao ndogo iliyotiwa saini na Microsoft, na hukaguliwa kabla skrini haijawaka. Ukiufuta ufunguo huo, unaweza kubaki na mashine isiyoonesha hata BIOS, huna pa kuirekebishia. Mimi mwenyewe, na maneno yangu yote, kwenye laptopu yangu nimeweka -m. Mwenye nyumba nimekuwa mimi, yule msimamizi wa zamani nimembakiza.

Ukijuta, Restore Factory Keys ipo palepale kwenye BIOS.

Kwa nini nisumbuke, wakati kuzima ni kitufe kimoja? Kwa sababu mlango ukiwa wazi, aliyeshika laptopu yako dakika 5 anaweza kuweka kitu kinachowaka kabla ya mfumo wako, na hutakiona kamwe. Ingawa nisikudanganye: mwaka 2023 ESET walieleza BlackLotus, virusi vilivyopita Secure Boot ikiwa imewashwa, kwa kutumia programu halali ya zamani ya kuwashia Windows, yenye tundu, ambayo ilikuwa bado haijawekwa kwenye dbx. Saini ilikuwa sahihi. Mlinzi alisoma kitambulisho, hakutazama mfuko.

Kufuli zisizo na menyu

Kila nilichoeleza mpaka hapa kina kitufe mahali fulani. Sehemu inayonikosesha usingizi ni ile isiyo nacho, pale mashine inapotoa taarifa zako kwa mtu wa mbali kisha yeye ndiye anaamua.

Ukifungua kufuli la kuwashia la simu ya Android, mara nyingi Widevine, yaani kinga ya filamu za mtandaoni, inashuka daraja kutoka L1 hadi L3, na filamu uliyoilipia kwa bei ileile inakuja na picha hafifu. Programu za benki huuliza mfumo wa Google kama simu haijaguswa, zikijibiwa vinginevyo zinagoma, hata kama ulichoweka ni mfumo mpya wenye masasisho kuliko ule wa kiwandani uliotelekezwa miaka 3. Michezo ya Windows nayo imeingia: mchezo wa Valorant kwenye Windows 11 inataka TPM 2.0 na Secure Boot. Mwaka 2023 Google ilipendekeza kitu cha namna hiyo kwa tovuti, kivinjari kitoe ushahidi wa mashine kilipo. Watu wakapiga kelele, Google ikakiacha mwaka uleule. Na simu za mkopo zinazojifunga usipolipa wiki, hizo huhitaji nikueleze, nenda stendi yoyote ukaulize.

Ninachoweza kukupa hapa ni kidogo. Nunua simu ya kawaida kwa benki, na usiifungue. Ile unayotaka kuitawala iwe nyingine, ya bei ndogo, na kabla ya kununua hakikisha muundaji anaruhusu kufungua. Ujue pia kufungua hufuta kila kitu kilichomo, kwa hiyo nakala kwanza. Filamu, ukiweza kupata faili lako mwenyewe, lipate.

Laptopu ya mwalimu ilifunguka saa tatu kasoro usiku. Nilihamisha mafaili, nikaweka Ubuntu, Secure Boot ikiwa imewashwa, diski ikiwa imefungwa kwa neno alilochagua yeye: mstari mzima wa shairi lake, na mimi nikageuka ukutani alipokuwa akiuandika. Karatasi ya tarakimu 48 haina kazi tena, nilimwambia aitupe. Akaikunja, akaitia mfukoni. Alisema atampa mjukuu afanye zoezi la kugawanya kwa 11.

Pesa ya ufundi nilikataa. Kitufe cha N nimemtafutia, kinakuja Jumatano.